Maganda Arobaini na Simu ya Kaunta

Simu ya kaunta ni ile nyeusi yenye ufa kwenye kona ya kioo. Mtaikuta kwenye droo ya pili, chini ya kitabu cha wageni. Msiilaze kifudifudi, maana hamtaiona ikiwaka, na msimpe mtu aishike, hata kama ni mwanachama wa siku nyingi anayesema simu yake imeisha chaji. Hayo ni ya kuanzia. Mengine ni marefu kidogo na mimi naandika polepole, kwa hiyo mnivumilie, ninyi mnaonipokea kaunta.

Naitwa Shabani. Nimefanya kazi katika klabu hii ya shabaha miaka kumi na sita, na mwezi ujao narudi Kondoa moja kwa moja. Shule yangu ni darasa la saba. Nilipofika Doha nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye haya kupita kiasi. Siku moja kwenye basi la kampuni mwenzangu alinikanyaga kiatu tulipotoka Industrial Area, kwenye mabweni yetu, na mguu wake ukakaa palepale mpaka tukafika uwanjani, kwa sababu niliona aibu kumwambia ausogeze. Nawaambia hili mapema ili mjue ni mtu wa namna gani anayewashauri. Aibu hiyo nusura imfukuzishe kazi mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Nitafika huko.

Kazi yenyewe mmeshaiona kwa nje. Watu wanakuja na bunduki za marisau, mashine inarusha visahani vya udongo, wao wanavipiga vikiwa hewani. Wengi ni watu wa kawaida kabisa: daktari wa meno, mwalimu, baba na binti yake, wazee wanaopenda kahawa kuliko shabaha. Lakini bunduki huvuta na watu wa namna nyingine. Hao hawaji na sura mbaya. Wangekuja na sura mbaya kazi yetu ingekuwa rahisi. Wanakuja na tabasamu, au na ujumbe wenye picha za maua, na wanaomba kitu kidogo sana.

Aliyenifundisha kuwashughulikia ni Dada Wambui, Mkenya wa Nakuru. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kaunta siku nilipotolewa kwenye mashine za visahani, nje juani, na kuletwa ndani penye kiyoyozi. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, na aliitumia hata kwa mtu aliyesimama mbele yake. Siku hiyo ya kwanza aliniuliza jina mara tatu.

"Nani?"

"Shabani."

"Aki, huyu anaongea na meza. Ni mimi nimekuuliza, si meza. Nani?"

"Shabani!"

"Haya, Shabani wa Kondoa. Sheria zote ziko pale ukutani, utazisoma. Yangu haiko ukutani. Mtu akikuinamia hapa, akashusha sauti, akakuomba kitu, wewe unalirudia ombi lake kwa sauti. Lote, vile amelisema."

"Kwa nini, dada?"

"Wewe ngoja tu."

Sikungoja sana. Wiki hiyohiyo mgeni mmoja aliyevaa vizuri, aliyeletwa na mwanachama, aliniinamia pale kaunta. Mwenyeji wake alikuwa ameenda kuswali na bunduki yake ilikuwa imebaki nyuma ya kaunta, mahali pake. Yule mgeni akaomba nimtolee aishike kidogo, nimpige picha, haraka kabla mwenyewe hajarudi. Nikafungua mdomo. Lakini Wambui alikuwa amesikia.

"Huyu bwana anaomba tumtolee bunduki ya rafiki yake apige nayo picha kabla mwenyewe hajarudi kutoka msikitini!" alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile. Watu sita wakageuka. Mgeni akacheka, akasema alikuwa anatania, akaenda kununua maji.

"Lakini hukumgombeza," nilimwambia baadaye.

"Nimgombeze ya nini? Nimerudia tu. Kama lilikuwa ombi zuri, lingebaki zuri hata wakisikia wote."

Nimeutumia utaratibu huo kwa miaka mingi na sijapata mwingine unaoushinda. Hauhitaji ujue kama mtu ni mwizi au ni mjinga au ni mtu mwema aliyekosea. Wewe si mpelelezi. Unarudia tu, kwa adabu, na mwenyewe anachagua kusimamia maneno yake au kuyaacha. Kwa mtu mwenye haya ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Nilifanya mazoezi chooni. Mfilipino wa usafi alikuwa akigonga mlango kuniuliza kama naumwa.

Simu sasa ni kitu kingine, maana kwenye simu hakuna wa kugeuka. Kwa ajili hiyo Wambui alinipa daftari la shule, la kurasa themanini, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ujumbe wowote unaouliza jambo zaidi ya saa za kufungua na njia ya kufika, niunakili kwa mkono neno kwa neno, nimwonyeshe mtu mwingine wa kaunta, halafu ndipo nijibu.

"Lakini mimi naandika polepole, dada. Watakasirika."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Hivyo vidole vyako vizito ni mali. Mtu mkweli atangoja. Yule mwingine utamwona akianza kurukaruka."

Na kweli walirukaruka. Wananiandikia kwa upole, mimi nanakili. Dakika tano, wanatuma alama za kuuliza. Dakika kumi, "Upo?" Dakika kumi na tano, "Basi acha, nimepata kwingine." Sijawahi kujua walipata nini kwingine, ila mara nyingi sikuhitaji hata kukataa.

Msije mkadhani kila anayeuliza jambo la ajabu ni mbaya. Kuna mtu aliandika Alhamisi moja akisema ni shemeji yake yule daktari wa meno. Alitaka kujua kesho daktari atafika saa ngapi, na gari gani, na atatokea lango lipi, kwa sababu anataka kumfanyia jambo la kushtukiza. Mtu anayesafiri na bunduki kwenye buti ya gari, saa zake na njia zake si habari ya kumpa yeyote. Nilinakili, nikamwonyesha Wambui, nikajibu: samahani, hatutoi habari za wanachama, ukipenda tutampa ujumbe wako. Akanitumia maneno makali. Nikayanakili nayo.

Ijumaa akaja mwenyewe, amevimba, amebeba keki kubwa yenye duara za shabaha juu yake. Ilikuwa Julai. Alikuwa amemngoja daktari garini kwenye maegesho tangu asubuhi kwa sababu hakujua saa yake, na duara za shabaha zilikuwa zimeteremka zote upande mmoja.

"Ninyi ndio mmeiharibu hii!" alisema.

"Pole sana, bwana," Wambui akamwambia. "Tutaila na kijiko."

Daktari alipofika na kuelezwa kilichotokea, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatushukuru mbele ya shemeji yake. Kila mwaka tangu hapo ananikumbusha habari ya ile keki. Shemeji naye alijiandikisha kuwa mwanachama, ingawa kupiga hawezi mpaka leo.

Mwingine alipiga simu kwa sauti nzito akasema anapiga kutoka ofisi kubwa ya serikali. Akaamuru nimsomee orodha ya wanachama na mitaa wanayokaa, sasa hivi. Nilisimama wima kama askari, simu sikioni, na nilikwisha kufungua kitabu. Wambui akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mkuu, karibu. Nipe jina lako, na ofisi, na mudiri wetu, meneja mwenyewe, atakupigia kwa namba ya ofisi yenyewe."

Simu ikakatwa.

"Ona. Mkuu amekimbia, na wewe bado umesimama. Keti."

Ofisa wa kweli niliwahi kumwona mwaka uliofuata. Alikuja na barua, akaonyesha kitambulisho bila kuombwa, akakaa kwenye kiti cha wageni nusu saa akimngoja mudiri, akanywa maji, akashukuru. Kumbukeni kile kiti.

Halafu kuna kundi la wanachama kwenye simu. Siku moja mtu asiyejulikana aliingia kwa kiungo cha zamani, akauliza nani anaweza kumpatia risasi bila karatasi, maana anazihitaji upesi. Mwanachama mmoja mzee, mtu mwema sana, alikasirika. Akaandika ujumbe mrefu wa kumkemea. Lakini katika kumkemea akamweleza utaratibu wote ulivyo: nani anaidhinisha, nani anakagua, siku gani. Yule mtu akajibu, "Ahsante sana, mzee wangu." Tangu siku hiyo Bu Nasir, mudiri wetu wa wakati ule, aliweka amri. Ujumbe wa namna hiyo haujibiwi, haukemewi, hautaniwi. Unapigwa picha ya skrini, unapelekwa kwake, na mtu anatolewa kundini. Nani alikuwa sahihi na nani mjinga, hayo mtazungumza kwenye kahawa.

Sasa nifike kule nilikosema nitafika. Ili mwelewe kosa langu, lazima kwanza mwelewe habari ya maganda.

Kila risasi inayotoka kaunta inaandikwa. Mpiga shabaha akimaliza, ama anarudisha risasi nzima ambayo hakuitumia, ama anaacha ganda tupu kwenye beseni. Maganda tunayapanga kwenye trei, tunayahesabu, tunayatia kwenye gunia, na mkuu wa kaunta anatia saini. Mwisho wa mwezi, kabla gari la kuyachukua halijafika, yanahesabiwa tena. Mtu wa nje anaona ni takataka. Kwetu ganda ni ushahidi. Linasema: risasi hii ilipigwa hapa, haikutoka nje ya lango. Kwa hiyo ganda likikosekana, kitabuni inasomeka kwamba kuna risasi nzima iliyotoka, na aliyetia saini ndiye wa kuulizwa.

Niliyajua hayo yote. Kosa langu halikuwa la kutojua.

Mapumziko yangu yalikuwa Jumapili, maana Ijumaa na Jumamosi klabu hujaa. Nilikuwa nakwenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kunyolewa, kisha nakaa kwenye kibanda cha chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, nampigia mama. Jumapili moja nilipokata simu, mtu wa meza ya pili akanisalimia.

"Asalaam aleikum. Ndugu, lafudhi hiyo ni ya kwetu kabisa. Kondoa?"

Alikuwa mtu mzima kunizidi, kanzu safi, uso wa mtu wa msikitini. Akasema anaitwa Idi, ni dereva wa familia moja kule Al Wukair. Alilijua soko la Kondoa, aliijua stendi, aliijua barabara ya Babati kabla haijawekwa lami. Akaniuliza mama anaendeleaje na miguu, kwa sababu alikuwa amesikia nikiizungumzia kwenye simu. Nyie ambao mmefika juzi hamjajua bado inavyokuwa kukaa wiki nzima bila mtu kukuuliza habari ya mama yako. Nilimwita Kaka Idi kabla chai haijapoa.

Jumapili tatu tulikaa pamoja. Ya nne akainama kidogo, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, nasikia pale kwenu mnatupa maganda ya risasi. Watoto wa bosi wangu wanapenda nikiwatengenezea vishikio vya funguo. Niletee kama arobaini hivi. Yale mekundu."

Aliinama na akashusha sauti. Nilifundishwa jambo hilo mwaka mzima, nikalifanyia mazoezi chooni. Ningeweza kulirudia palepale kibandani, watu wakasikia. Lakini nilijiambia kwamba sheria ile ni ya kaunta, na ya wageni, na huyu si mgeni, huyu anajua miguu ya mama. Nikasema, "Haina shida, kaka."

Jumamosi iliyofuata Wambui alitia saini gunia, akaenda kula. Mdomo wa gunia ulikuwa haujashonwa. Nikatoa maganda arobaini mekundu, nikayatia kwenye kontena langu la chakula. Kaka Idi aliyapokea kesho yake kwa furaha kubwa, akaniomba nishike machache mkononi, akanipiga picha. "Ya kumbukumbu," alisema. Katika picha hiyo nilikuwa natabasamu.

Siku tisa baadaye ukaja ujumbe, kwenye simu yangu mwenyewe, siyo ya kaunta.

"Mdogo wangu Shabani, za siku. Zile zilikuwa tupu. Sasa naomba nzima, kumi tu. Usinivunje moyo. Picha yako bado ninayo."

Huo sikuunakili kwenye daftari. Wala sikumwonyesha mtu. Niliusoma basini, chumbani, na mezani, nikaufunika kila mara mtu alipopita.

Ujumbe ulikuwa wa Jumanne. Alhamisi ikawa siku ya ukaguzi wa maganda.

Walipokuta arobaini hayapo kwenye gunia la ile Jumamosi, Wambui alicheka. "Hesabuni tena. Hawa wamelala." Wakahesabu tena. Mara ya tatu alihesabu mwenyewe, amepiga magoti sakafuni, trei kwa trei, na hakuwa anacheka. Bu Nasir alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, alikuwa Mqatari wa makamo, mpiga shabaha mwenyewe, anayependa mambo yawe sawasawa. Akamwambia Wambui asiguse kitabu wala funguo. Jumapili asubuhi atawapelekea polisi taarifa kwamba risasi arobaini hazijulikani zilipo, na taarifa hiyo itakuwa na jina moja tu, la aliyetia saini. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Kwanza kituoni, kisha ndege ya kurudishwa kwao. Wambui alikuwa na binti kidato cha pili Nakuru, na hakuna mwingine wa kumsomesha.

Nilibaki naye kaunta. Alikaa kwenye kiti kile cha wageni, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo.

"Shabani. Ile Jumamosi nikiwa kwa chakula, ni nani aliingia huku?"

"Sijui, dada."

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa kuitazama. Ni maneno mawili tu.

Akachukua karatasi akaanza kuandika majina ya wote waliofanya kazi siku ile, kisha akawa anakata mmoja mmoja. Jina langu lilikuwa la kwanza kukatwa.

"Wewe nimekutoa," alisema. "Wewe hata chumvi huwezi kuomba. Utaiba saa ngapi?"

Nikamwambia naenda kula. Sikwenda. Niliingia stoo ya visahani, nikakaa juu ya boksi na daftari langu la kurasa themanini, nikaandika. Nilianza wakati wa adhana ya adhuhuri na nilimaliza ya alasiri ikiadhiniwa. Ukurasa mmoja na nusu. Kisha nikaenda kwenye ofisi ya Bu Nasir, nikaliweka daftari mezani, nikarudi nyuma hatua mbili.

Akaligeuza, akaligeuza tena. "Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, bwana."

"Niambie kwa Kiingereza."

Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa cha kaunta: karibu, lango la kushoto, vaa kinga za masikio. Hakikuwa na maneno ya jambo kama hili. Bu Nasir akafungua mlango akaita.

"Wambui! Njoo unisomee hii."

Pale klabuni siku hiyo hapakuwa na mwingine anayejua Kiswahili. Aliingia, akachukua daftari, akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Nilimwona akiusoma. Kisha akalifunga, akanirudishia.

"Soma mwenyewe," alisema. "Kwa sauti. Mimi nitatafsiri."

Nikasoma.

"Maganda arobaini niliyachukua mimi."

Akatafsiri.

"Nilimpa mtu anayejiita Idi, Fereej Bin Mahmoud, kwa sababu aliniuliza habari ya mama."

Akatafsiri hilo nalo, lote, hakuruka kitu.

"Sauti," akaniambia, bila kunitazama. Nikaongeza.

"Sasa anataka nzima kumi, na ana picha yangu. Dada Wambui hakujua. Leo ameniuliza nani aliingia, nikamwambia sijui."

Hilo hakulitafsiri. Bu Nasir akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema Wambui alimuuliza," alijibu, kama vile Wambui ni mtu mwingine asiyekuwepo chumbani, "na yeye akasema hajui."

Bu Nasir akanigeukia. "Hizo kumi, umempa?"

"Hapana, bwana."

"Umemjibu?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Naandika polepole, bwana."

Wambui akatafsiri. Bu Nasir alinitazama, akajipangusa uso kwa kiganja. "Alhamdulillah kwa vidole vyako," alisema. Akaichukua simu yangu, akatuambia tusimjibu yule mtu, tusimtafute, tusimwekee mtego. Akaipeleka mwenyewe polisi, jioni ileile.

Nilihojiwa siku nzima, nikajibu kila kitu. Aliyenihoji aliuliza mara mbili tu kwa nini sikusema mapema, na mara zote mbili nilisema niliona aibu. Aliandika. Kuhusu yule Idi sikuambiwa chochote zaidi, ila hakuna dereva wa jina hilo kwenye nyumba aliyonitajia, na kibandani hakuonekana tena. Sijui kama alikuwa wa Kondoa. Soko na stendi mtu anaweza kuuliza akaambiwa. Sijui risasi kumi alizitaka za nini, na nimeacha kukisia. Taarifa ya polisi ilikwenda ikiwa na jina langu, siyo la Wambui. Alirudishiwa funguo Jumapili.

Mimi nilitolewa kaunta nikarudishwa kwenye mashine za visahani, miezi sita, na likizo yangu ikasogezwa mwaka mmoja. Nilistahili zaidi. Kwa hiyo mkifika mahali kama pale nilipokuwa, mmeshatoa kitu kidogo na mtu anarudi kuomba kikubwa, semeni siku hiyohiyo. Yule mtu hana nguvu nyingine juu yenu ila kunyamaza kwenu. Picha yake ilikuwa na nguvu mpaka nilipoisema mimi mwenyewe. Baada ya hapo ilikuwa picha ya kijana ameshika maganda.

Wambui hakusema nami. Salamu aliitikia, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, lakini hakuniita wa Kondoa tena, wala hakunitania. Nilikuwa nikileta magunia mlangoni anayapokea kwa mikono, macho kwenye kitabu. Wiki ya tano, Ijumaa, klabu imejaa, nilileta gunia la asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa tangu basini. Nikaegemea kaunta, nikainama, nikashusha sauti.

"Dada, naomba unisamehe."

Aliinua kichwa. Akaweka kalamu chini. Akavuta pumzi, na mimi nikajua kinachokuja, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Shabani anaomba nimsamehe!"

Alisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu chake kibovu. Ukumbi mzima ukageuka. Daktari wa meno alikuwa pale na shemeji yake. Bu Nasir alikuwa kwenye kona, kikombe cha kahawa kimefika nusu ya njia ya mdomo.

"Ananiomba kwa kunong'ona," Wambui akaendelea, "kama mtu anayetaka risasi. Haya, Shabani. Lirudie mwenyewe tusikie kama ni ombi zuri."

Nilisimama wima, nikalitazama lile duara la saa ukutani kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

"Dada Wambui! Nilikudanganya! Naomba unisamehe!"

Nadhani walinisikia mpaka kwenye mashine. Hapakuwa na aliyecheka. Wambui aliichukua kalamu yake, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa siku ile, akalaza rula chini ya mstari.

"Nimekusikia, wa Kondoa," alisema. "Weka gunia hapo tuhesabu."